Mlipa Ada Hana Sikukuu

Muhula umefunguliwa. Wenye watoto mnanielewa. Wasio nao, endeleeni kulala.

Safari hii barua ya shule haikuishia kwenye ada, sare na viatu vyeusi visivyo na urembo. Chini kabisa, pale wanapofichaga michango, Sista Mkuu kaandika: Alhamisi kuna misa ya kufungua muhula, kila mtoto aje na babu au bibi, "hazina ya familia". Nikairudia barua nikitafuta baba katajwa wapi. Katajwa. Jirani na namba ya akaunti ya benki.

Sipingi wazee kuheshimiwa. Nauliza tu. Papa Fransisko aliwawekea siku yao mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na tarehe 26, sikukuu ya Joakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Sasa hao Joakimu na Anna, Biblia nzima haiwataji; majina yao yanatoka kwenye maandiko ya kale yaliyoachwa nje. Babu na bibi wasiopata hata mstari mmoja wana sikukuu! Mimi jina langu limejaa kwenye stakabadhi za shule ile tangu mtoto yuko chekechea, na hakuna aliyewahi kuniwashia mshumaa. Na msiniletee habari za Yosefu, baba mlishi wa Yesu, na sikukuu yake ya tarehe 19 Machi. Yule ni mtakatifu. Mimi ni mdaiwa.

Basi nikampeleka mama yangu mzazi. Getini, yule mlinzi ambaye mimi hunipekua hadi chini ya viti vya gari alivua kofia: "Shikamoo Bibi, pita tu." Bibi akapita. Mimi nikaandikishwa kwenye daftari la wageni.

Baada ya misa tukaingia ukumbini. Wazee viti vya mbele, wazazi ukutani na mabegi. Sista Mkuu akatoa salamu, "Tumsifu Yesu Kristo," mama yangu akaitika "Milele amina" kwa sauti iliyowafunika wenzake wote, na hapo ndipo Sista alipofanya kosa la kumpa nafasi ya kuongoza fungu moja la rozari, ile sala ya shanga ambayo kila siku ya wiki ina matendo yake ya kutafakari kutoka maisha ya Yesu na Maria.

Mama akasimama. Miwani akaivaa, akaivua, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Matendo ya furaha. Tendo la kwanza, Malaika anampasha Maria habari..."

"Bibi," kikasikika kisauti. Nilikijua. Nakilipia ada. "Leo Alhamisi. Ni matendo ya mwanga."

Ukumbi kimya. Mama akageuka taratibu. "Ya nini?"

"Ya mwanga, Bibi. Yesu anabatizwa mtoni Yordani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza mwaka 2002. Furaha ni Jumatatu na Jumamosi."

"Mjukuu wangu," akasema mama, kwa upole ambao mimi katika utoto wangu wote sikuwahi kuusikia, "mimi Alhamisi nasali furaha tangu sijaolewa. Mwaka 2002 baba yako alikuwa anatoroka mafundisho ya kipaimara kwenda kucheza mpira. Nikamwombea kwa matendo hayahaya ya furaha, Alhamisi hizihizi, na Mungu alisikia. Si huyo hapo ukutani? Kashika begi lako."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mimi ni mtu mzima. Kazini kwangu naitwa mheshimiwa. Nikalihamisha begi mkono wa pili, ikaanguka chupa ya maji, ikabingirika hadi miguuni kwa padri.

Sista akaingilia. Akasema Papa katika barua yake aliyapendekeza tu hayo matendo ya mwanga, hakumlazimisha mtu, kwa hiyo Bibi aendelee, na mtoto naye apigiwe makofi kwa kujua. Wote wawili wakashinda! Mama akaendelea: "Tuombe neema ya unyenyekevu," macho akiwa kayakaza kwangu. Sasa mimi nilisema nini?

Njiani mama akaniambia simfundishi mtoto adabu. Mtoto akaniambia simwelezi Bibi mabadiliko. Halafu wakakaa pamoja kiti cha nyuma wakichekana, mwanamke huyo aliyenichapa kwa kupoteza kalamu anamwambia mwenzake, "Ukipoteza kalamu mwambie Bibi, atanunua nyingine." Nani? Atanunua kwa hela ya nani?

Picha ya ukumbusho wamepiga, mkono unaoonekana pembeni ni wangu. Soksi zimeshapungua mguu mmoja. Kikao cha wazazi kimetangazwa, bila shaka cha michango.

Na usiku huo, Bibi kalala, mjukuu kalala, mimi niko mezani nafunika madaftari, maana mwalimu kasema lisilo na jalada halisahihishwi. Karatasi ipo. Gundi ipo. Mkasi hakuna. Nauliza ninyi wenye nyumba zenu: mikasi huwa inakwenda wapi? Vya kukatia kucha vipo, kisu kipo, mkasi niliununua mwenyewe, nikautundika mwenyewe kwenye msumari, nikatangaza kuwa atakayeugusa atanitambua. Msumari upo.