Kumpa kijana sindano si kumtelekeza

Kaa kliniki ya kisukari ya hospitali kubwa siku ya watoto, utasikia swali hili: "Mama, sukari yake inaendeleaje?" Mwenye sukari yupo pale pale. Ana miaka 17, ndevu zimeanza kuota, na ndiye aliyejichoma insulini saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kupanda daladala. Haulizwi. Mama anatoa daftari, daktari anasoma, dozi inaongezwa yuniti mbili, wanaondoka. Mwaka mmoja au miwili baadaye kijana huyo huyo anapewa karatasi ya kuhamia kliniki ya wakubwa, na kuanzia siku hiyo kila swali ni lake.

Huko wakubwani anakaa benchi moja na wazee wenye kisukari aina ya pili, ambao miili yao bado hutengeneza insulini, anasikiliza somo la kupunguza kitambi na kuacha soda. Yeye ana aina ya kwanza, na hana kitambi. Kongosho lake halitengenezi insulini, na akikosa sindano siku chache anaweza kufa. Somo zuri kabisa, ila la mtu mwingine.

Basi kijana mwenye kisukari aina ya kwanza aachiwe lini kujisimamia? Wazazi, wauguzi na madaktari hawakubaliani, na wanaosema tusiharakishe wana sababu. Balehe huja na homoni zinazoipunguzia insulini nguvu, kwa hiyo dozi iliyomtosha mtoto akiwa na miaka 11 haimtoshi akiwa na 15, hata asipogusa pipi. Wakati huo huo ndipo anapochoka: kuchoma, kuulizwa, kuwa tofauti na wenzake. Utafiti wa Marekani wa miaka ya 1990 ulikuta kwamba watoto waliobebeshwa majukumu kuliko ukomavu wao walifuata matibabu vibaya kuliko wenzao. Nasi tunajua aliyechoka hukimbilia wapi. Mwaka 2011 misururu ya magari ilijaa njia ya Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila, kilichosemwa kinaponya kisukari pia. Mzazi anayekumbuka foleni ile akisita kumkabidhi mwanawe chupa ya insulini, simlaumu.

Lakini upande wa pili unahukumiwa kwa jambo ambalo haukulisema. Wanaotaka vijana wajisimamie hawakusema mama aondoke, wala daktari anyamaze. Wanachotaka ni kijana aambiwe *kwa nini* dozi ni ile, ili ajue kuibadilisha siku mambo yakibadilika. Wengi wanatumia insulini mchanganyiko, ile ya 70/30 yenye insulini ya taratibu na ya haraka pamoja, asubuhi na jioni, yuniti zile zile kila siku. Dozi ya namna hiyo ni kama daladala la alfajiri, limeshaondoka na halimsubiri mtu. Shuleni bweni chakula cha mchana kikichelewa saa moja kwa sababu kuni zimelowa, insulini ya asubuhi inaendelea kufanya kazi tumbo likiwa tupu, na kijana anaanza kutetemeka na kutoka jasho akiwa darasani. Aliyefundishwa kufuata tu amri anasubiri kengele. Aliyefundishwa sababu ana glukosi au kipakiti cha sukari mfukoni, na hamwombi mtu ruhusa.

Hofu kubwa ya madaktari ni hiyo sukari kushuka, na ina takwimu yake. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya jaribio la DCCT, lililowafuatilia watu 1,441 wa Marekani na Kanada wenye kisukari aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39. Kundi moja lilijichoma mara moja au mbili tu kwa siku, jingine mara nyingi zaidi. Waliojichoma mara tatu au zaidi kwa siku na kupima mara nne walipunguza hatari ya macho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Kila mtaalamu wa kisukari anaijua namba hiyo. Anaijua pia ya pili, inayowanyima usingizi: kundi hilo hilo lilipata mishuko mikali ya sukari, ile ya kuhitaji msaada wa mtu mwingine, karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Kwa daktari wa mkoani ambaye mgonjwa wake anaishi kilomita 60 kutoka hospitali, hiyo mara tatu ina sura ya kijana aliyepoteza fahamu usiku na nyumbani hakuna usafiri. Anachagua kumwacha na sukari ya juu kidogo. Ni uamuzi wa huruma.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo ninapokwama kila ninapoufikiria mjadala huu. Jaribio lilipoisha, makundi yote mawili yalifundishwa njia ile ya sindano nyingi. Wastani wao wa sukari, ule unaopimwa kwa HbA1c, ukakaribiana hadi ukawa karibu sawa. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, waliotunza sukari vizuri tangu mwanzo waliendelea kupata matatizo machache ya macho na figo kuliko wenzao. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu ya miaka ile. Kwa hiyo sukari ya juu kidogo anayoachiwa kijana wa miaka 16, tukisema atajirekebisha akikua, haifutiki akishajirekebisha. Atalipa akiwa na miaka 40, pengine kwenye mashine ya kusafisha damu, na wakati huo aliyemhurumia atakuwa amestaafu.

Na ile mara tatu haikuandikwa kwenye jiwe. Wajerumani wa Düsseldorf walikuwa wakiwafundisha wagonjwa kwa siku tano mfululizo kuhesabu wanga na kupanga dozi kwa chakula. Waingereza wakaichukua kozi hiyo, wakaiita DAFNE, na mwaka 2002 wakatoa matokeo ya watu wazima 169. Baada ya miezi sita HbA1c ya waliofundishwa ilikuwa asilimia 8.4, ya waliokuwa bado wakisubiri zamu yao asilimia 9.4. Mishuko mikali haikuongezeka. Walikula walichotaka, sukari ikashuka kwa usalama.

Najua jibu litakalonirudia: Uingereza wana stripu, vile vipande vya kupimia sukari kwa tone la damu. Ni kweli, na hapa hoja ya uhuru inachechemea. Kasha la stripu lina 50. Ukipima mara nne kwa siku, siku ya kumi na tatu limekwisha. Ukipima mara moja linakaa siku 50, ila utajua ya asubuhi tu, na ile ya usiku wa manane, iliyo hatari zaidi, utaikisia. Misaada nayo ina ukomo wa umri. Life for a Child ya Australia, inayofika hadi Tanzania, imejengwa kwa watoto na vijana wa hadi miaka 25 hivi, umri ambao wengi ndio kwanza wanatafuta kazi. Kumfundisha mtu kuhesabu wanga bila kifaa cha kupimia ni kumfundisha kuogelea mchangani.

Ila tukiishia hapo tunakosea hesabu. Ni mwenye stripu chache anayehitaji elimu zaidi, kwa sababu kila moja inabidi imjibu swali. Aliyeelekezwa atapima mara mbili kwa siku akizungusha saa: leo kabla ya chai na kabla ya chakula cha mchana, kesho kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Baada ya wiki moja ana picha. Sukari ikiwa juu kila asubuhi, anajua pa kutazama: dozi ya jioni, chakula cha usiku, au chupa iliyosahaulika dirishani juani.

Kuhusu chupa, kuna jambo la kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, ambalo lingefaa kusemwa kila kliniki. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kambi ya Dagahaley walikwenda hospitali kila siku kuchomwa, kwa sababu kanuni inataka insulini ikae nyuzi 2 hadi 8 na kwenye mahema hakuna friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima, na mwaka 2021 wakachapisha: insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu ile ile ya iliyokaa kwenye friji. Wagonjwa wakaweza kwenda nayo nyumbani. Walikuwa wamenyimwa kujichoma kwa tahadhari ambayo hakuna aliyekuwa ameipima katika mazingira yao.

Kwa watu wa Pwani, Ramadhani inaonesha jambo hilo hilo. Kijana wa Tanga au Unguja akiambiwa tu "wewe usifunge", atafunga na kunyamaza. Mwongozo wa kimataifa unamweka kwenye hatari kubwa, na ni kweli. Ila unamweleza pia afungue mara sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikivuka 16.6 (milimoli kwa lita ya damu). Kujitoboa kidole kupima hakuharibu saumu. Anayejua hayo anaweza kuzungumza na daktari wake bila kumdanganya.

Kuna mambo mengine hayasemwi kabisa mama akiwa amekaa pale. Bia, kwa mfano: pombe hulizuia ini kutoa sukari, na anayeshukiwa na sukari baa wenzake watasema kalewa, watamlaza kochini. Binti wa miaka 19 hataambiwa mbele ya mama yake kwamba sukari ya juu wiki za kwanza za mimba humdhuru mtoto anapoumbika, kwa hiyo mimba ipangwe. Wapo pia wanaoruka sindano makusudi ili wapungue uzito. Nani atamwuliza hilo mzazi akisikiliza?

Yote haya hayasubiri bajeti ya wizara. Tangu kijana atimize miaka 14 au 15, kila kliniki mama atoke nje dakika kumi, kisha arudi. Katika dakika hizo daktari afunge daftari na amwulize mwenyewe: jana usiku ulichoma yuniti ngapi, na kwa nini hizo?