Atomu baridi: kupima mvutano ndiyo, mtandao wa kwantamu bado

Atomu za rubidi zikipozwa kwa leza ya nanomita 780 hadi mikrokelvini chache, huachwa zidondoke ndani ya ombwe huku zikipigwa mipigo mitatu ya leza. Mipigo ikiachana kwa milisekunde 100, mvutano wa dunia huziachia awamu (kiasi ambacho wimbi la atomu limesogea) ya radiani zaidi ya milioni 1.5, hivyo hata badiliko la sehemu moja kwa bilioni huonekana. Tena atomu hailegei kama springi ya gravimita (vipima mvutano) za kawaida.

Ugumu uko kwenye kioo kinachorudisha leza. Kikitikisika nanomita 100 tu, awamu hupotoka kwa radiani 1.6, lori likipita jirani, kipimo kimeharibika. Ukiinamisha kifaa miliradiani 0.1, unapoteza mikrogali 5 hivi (mikrogali moja ni kama sehemu moja kwa bilioni ya mvutano wa dunia). Hilo si dogo: maji ya ardhini yakipanda mita moja kwenye udongo wenye nafasi wazi ya asilimia 10, badiliko lote ni mikrogali 4 tu. Asiyesawazisha kifaa kwa makini atatangaza ukame usiokuwepo.

Watafiti wa Birmingham, Uingereza, walitumia mawingu mawili ya atomu, moja juu ya jingine, yakisomwa kwa leza ileile. Mtetemo huyapata yote sawa, ukitoa moja kwa jingine unafutika. Mwaka 2022 walionyesha wameona handaki la mita 2 chini ya barabara. Ila tofauti hiyo hufifia kwa mchemraba wa umbali, kwa hiyo kwa magma ya kina kirefu gravimita ya wingu moja bado inafaa zaidi, kama ile iliyowekwa kwenye volkano ya Etna, Italia, mwaka 2020, kwenye mwinuko wa mita 2,800.

Upande wa mtandao wa kwantamu, yaani kuunganisha atomu za mbali kwa fotoni (chembe za mwanga), sishawishiki. Ukituma fotoni 1,000 za nanomita 780 kwenye mkongo wa kilomita 10, haifiki hata moja. Ukizibadilisha kuwa nanomita 1,550 zingefika takriban 630, lakini kigeuzi chenyewe hupoteza nyingine na kuongeza kelele, na kuzikuza njiani ni kuivunja hali ya kwantamu unayotaka kuifikisha. Watafiti wa Innsbruck, Austria, wamefungamanisha ioni (atomu zenye chaji) mbili za kalsiamu, yaani kuziunganisha ziwe na hali moja ya kwantamu, kwa mita 230. Kazi nzuri kweli, ila ni mita.

Wanaodai saa za atomu zinahitaji mtandao huo waangalie Paris na Braunschweig, Ujerumani: saa zao za strontiamu zililinganishwa kupitia mkongo wa kilomita 1,415 kwa mwanga wa kawaida wa leza, ambao vikuza mawimbi vinaubeba bila kuuharibu.