Vidole vya Tony Iommi ndivyo vilivyoamua
Kuna mwandishi anayedai kuwa uzito wa sauti ya gitaa la Black Sabbath, bendi ya muziki wa heavy metal, ulitokana na kelele za viwanda vya Birmingham, Uingereza. Si kweli, ni vidole. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili kiwandani, tena siku yake ya mwisho kazini! Msimamizi wake akamsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz aliyepiga solo kwa vidole viwili tu. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba za banjo kwenye gitaa lake, na kufikia 1971 alikuwa akizilegeza sana. Nami napiga gitaa: ukilegeza nyuzi kidole kinapumua, na sauti inashuka, inanguruma. Wapiga gitaa wenzangu, mnasemaje?