Aliyekataa nafasi ya uzamili si mwoga

Barua ya udahili ina mpangilio wake. Pongezi zinakaa mstari wa kwanza, na fedha zinatajwa kule chini: umepewa punguzo la asilimia 40 ya ada. Moja ya namna hiyo niliisoma pamoja na binti wa rafiki yangu. Nusu ya ukoo ilikuwa imeshampigia simu, na wote walisema neno moja: nenda, fedha zitapatikana hukohuko. Yeye alikaa kimya, kikokotoo mkononi. Baada ya wiki mbili alikijibu chuo kwamba haendi. Tangu hapo anaitwa mwoga.

Namtetea, ingawa waliompigia simu wana hoja. Huwezi kuwa daktari bingwa kwa shahada ya kwanza, na mhadhiri asiye na uzamivu hafiki mbali. Nafasi ikipita huenda isirudi, na umri nao hausubiri. Tena wapo walioondoka na nusu ada, wakapata kazi ya kusaidia kufundisha muhula wa pili, wakamaliza salama.

Hao tunawajua kwa sababu picha zao za joho zimetundikwa sebuleni. Aliyekwama muhula wa tatu hana picha. Mitihani ameifanya, alama zake zipo, lakini akifungua akaunti yake ya chuo anakuta imezuiwa hadi alipe deni. Hana cheti cha kumwonyesha mwajiri, na alichokopa kinadaiwa vilevile. Nusu ya shahada hainunuliwi popote.

Halafu kuna hesabu ambayo sijaona ikifanywa kwenye vikao vya ukoo. Chukua mkopo wa 100, sarafu yoyote, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Miaka 2 ya masomo hulipi kitu, ila riba hailali. Siku ya kuhitimu 100 imeshafika karibu 117. Ukianza kulipa kila mwezi kwa miaka 10, jumla itakayokutoka ni karibu 170. Marejesho yakikulemea ukaomba yatandazwe kwa miaka 20, utalipa karibu 234. Watu wanasema shahada itapandisha mshahara, na mara nyingi inaupandisha kweli. Lakini nyongeza hiyo ipimwe kwa 170, si kwa 100, na juu yake uweke mishahara ya miaka 2 ambayo hukuipokea. Na kama unakopa kwa sarafu moja na kulipwa kwa nyingine, sarafu yako ikishuka deni linakua bila wewe kukopa senti zaidi. Wahenga waliliona hili: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mkopo wenyewe nao haupatikani kama zamani. Marekani, tangu 2006, mwanafunzi wa shahada za juu aliweza kukopa serikalini hadi gharama yote ya masomo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufunga mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kikomo cha programu za kawaida za uzamili na uzamivu kikawekwa dola 20,500 kwa mwaka. Wanaoipinga wanasema mtoto wa maskini ndiye atakayefungiwa mlango, au atasukumwa kwa wakopeshaji binafsi. Ni hoja nzito, nami nakubali kuwa inauma. Lakini hasira hiyo iende kwa wanaopanga ada. Haimpi kijana sababu ya kujitwika mzigo uleule kwa masharti mabaya zaidi.

Na ile "hukohuko" ina mipaka iliyoandikwa. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 Marekani anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Saa hizo zinalipa chakula na sehemu ya pango. Ada ya muhula ni habari nyingine kabisa.

Kwa uzamivu nina msimamo mkali zaidi. Marekani, hasa katika sayansi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida husamehewa ada na hupewa posho, naye hufundisha au hufanya utafiti. Ukipewa nafasi isiyo na hata kimoja, idara imekuambia jambo kuhusu nafasi yako kwake. Uzamili ni tofauti, maana wengi hujilipia, hivyo kukosa ufadhili hapo si aibu wala dalili ya udhaifu.

Binti huyu, kabla ya kukataa, aliuliza maswali mawili kwa maandishi: punguzo linaweza kuongezwa? Na nikiahirisha mwaka mmoja, punguzo litanisubiri pamoja na nafasi? Akajibiwa kwamba nafasi itasubiri, punguzo halina uhakika. Kwenye simu zote zile hakuna aliyemuuliza kama ameuliza. Sasa yuko kazini, anaweka akiba, na anaomba upya kwenye programu nne. Safari hii barua ya kwanza anayoituma kila idara inauliza nani analipa, kwa miaka mingapi, na nini kitatokea msimamizi akihama.