Macho ya muuguzi hayavuliwi pamoja na sare

Kisigino cha mzee kilikuwa cha moto kuliko mguu mzima. Nilikuwa namvisha soksi asubuhi, kidole changu kikasita chenyewe. Nikabonyeza, nikaachia. Wekundu ulibaki vilevile, haukupauka hata kidogo. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua hiyo ni nini: kidonda cha mgandamizo, kile kinachotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, kinaanza, na ngozi bado haijachanika. Huo ndio wakati wa kuuinua mguu kwa mto ili kisigino kisiguse godoro, kumgeuza mzee mara kwa mara na kuangalia kama anakula vya kutosha. Nikaenda kumwambia kiongozi wa zamu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, wewe mvishe tu. Mambo ya vidonda ni ya muuguzi."

Mimi ni muuguzi. Nimesomea, nimefaulu mitihani, nimezalisha akina mama, nimefumba macho ya marehemu. Ila mkataba wangu katika makao yale ya wazee uliniita msaidizi wa huduma, kwa kuwa usajili wangu wa kuruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi ulikuwa bado unashughulikiwa.

Tuko wengi. Huyu cheti chake hakijatambuliwa katika nchi aliyohamia, yule alikosa alama chache kwenye mtihani wa lugha, mwingine leseni yake iliisha muda akiwa nyumbani analea. Wapo pia waliochagua wenyewe, wamechoka kubeba funguo za kabati la dawa. Hao nawaheshimu.

Wala sisemi kuogesha na kulisha ni kazi duni. Mwili wa mzee husema mengi wakati wa kuoga. Mzee aliyekutania jana, leo hakutambui na anavutavuta shuka: huenda ana maambukizi, hata kama hana homa. Anayekohoa kila akimeza maji, huenda yanapita njia ya mapafu. Anayeyaona hayo kwanza ni msaidizi, siku nyingi kabla daktari hajaitwa.

Kinachoniuma ni kwamba makao yanapata macho ya muuguzi kwa mshahara wa msaidizi, halafu mchana yanamwambia ayafumbe. Usiku mambo yanageuka. Muuguzi wa zamu yuko peke yake, unasikia: "Wewe si unajua, hebu mpime presha, hebu mpe na dawa hii." Ukikubali na likatokea la kutokea, huna usajili wa kukukinga. Ukikataa, una kiburi. Nimewahi kusimama kwenye korido saa 9 usiku na vidonge vya mtu mkononi, nikavirudisha. Wenzangu hawakunisemesha hadi asubuhi.

Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Inataka waajiriwe, wapandishwe vyeo na walipwe kwa kuangalia elimu, uzoefu na uzito wa majukumu yao, sawa na waliosomea hapohapo. Kanuni hiyo ni ya hiari, na mwajiri wa makao anaweza kumaliza miaka bila kuisikia. Shirika hilohilo limekadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8.

Usajili una sababu zake na sitaki uondolewe, unamlinda mgonjwa. Ninachotaka ni kidogo. Msaidizi aliyesomea uuguzi akisema ameona jambo, liandikwe kwenye kitabu cha makabidhiano kwa jina lake na saa yake, na muuguzi aliyesajiliwa aende kuangalia kabla zamu haijaisha. Mkataba useme wazi asiguse nini, hata usiku, hata akiombwa. Na ratiba imwachie nafasi ya kusomea mitihani. Mimi nilisoma baada ya zamu zenye urefu wa saa 12, nikiamka alfajiri na kitabu kifuani, taa ikiwa bado inawaka.

Kile kisigino kilichanika siku ya tano. Muuguzi alikuja, akakisafisha vizuri, akaagiza yote niliyokuwa nimeyasema. Kilichukua wiki nyingi kufunga, na kila nilipomvisha soksi mzee alikunja uso na kushika kitanda. Kwenye faili lake imeandikwa kwamba dalili ya kwanza ya kidonda ilionekana siku hiyo ya tano.