Kikaratasi cha mkutubi na kitabu kisichoazimwa

Katika maktaba nyingi za umma kuna meza au rafu ambayo wafanyakazi wameitenga kwa ajili ya vitabu, vitabu vya kusikiliza, filamu na muziki wanavyovipendekeza wenyewe, kila kimoja kikiwa na kikaratasi chenye sentensi mbili tatu na jina la aliyekipendekeza. Utaratibu huo hushambuliwa kutoka pande mbili. Wapo wanaouona umepitwa na wakati, kwa kuwa programu za kompyuta zinazofuatilia mamilioni ya watumiaji hukisia mapenzi ya mtu vizuri kuliko mtumishi mmoja wa kaunta. Na wapo wanaohoji ni kwa haki gani mtumishi wa umma anatanguliza apendacho yeye mbele ya wasomaji ambao kodi zao ndizo zinazomlipa.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi, na ina historia. Wakutubi wa Marekani walioanzisha madawati ya ushauri kwa wasomaji miaka ya 1920, katika miji kama Chicago, Detroit na Cleveland, walikuwa na nia ya kumwelimisha mtu mzima kwa kumpangia vitabu vya maana, na msomaji wa riwaya za mapenzi alijikuta akitendewa kama mwanafunzi aliyechelewa. Hata leo, wafanyakazi wachache waliopitia masomo yanayofanana wanaweza kupendekeza vitabu vinavyofanana mwaka mzima bila kukusudia. Jina lililoandikwa kwenye kikaratasi linapunguza makali ya tatizo hilo, kwa sababu msomaji anajua anayesema ni mtu na si taasisi, lakini haliliondoi.

Hata hivyo, pande zote mbili zinachukulia kwamba kikaratasi kipo ili kutangaza kitabu bora, ilhali kazi yake kubwa ni kukiokoa kitabu ambacho hakuna anayekijua. Mwaka 1979 Allen Kent na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu maktaba za Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nao walikuta kwamba kati ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969, asilimia 39.8 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka sita iliyofuata. Takwimu hiyo ilipingwa vikali, na si bila sababu: maktaba ya chuo si maktaba ya umma, na kitabu kinaweza kusomwa humo humo ndani bila kuazimwa. Tuikate nusu basi, tukitaka. Kinachonishughulisha mimi ni mteremko uliokuja nayo. Kitabu ambacho hakikuazimwa ndani ya miaka miwili ya kwanza kilibaki na uwezekano wa chini ya mmoja kati ya minne wa kuja kuazimwa, na kikipita miaka sita bila kuguswa, uwezekano ulishuka hadi mmoja kati ya 50. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kitabu kisichoazimwa hakionekani kwenye toroli la vilivyorudishwa, hakitajwi na mtu kwa mwenzake, hakiingii katika orodha ya vinavyoombwa zaidi, na mwishowe huingia katika orodha ya vinavyoondolewa rafuni. Kukosa msomaji wa kwanza ndiko kunakokikosesha wa pili.

Hapo ndipo programu nyingi za kupendekeza zinapoishiwa nguvu, kwa maana zinategemea yale ambayo wengine wamekwisha kuyachagua. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006, katika jarida la Science, jaribio la mtandaoni lenye washiriki zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 zisizojulikana. Baadhi ya washiriki hawakuonyeshwa lolote kuhusu wenzao. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona ni mara ngapi kundi lake limepakua kila wimbo. Walioona idadi walirundikana kwenye nyimbo chache kuliko wasioiona, na nyimbo hizo hazikuwa zilezile: wimbo mmoja ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Ni kweli kwamba nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana, lakini zilizobaki, yaani nyingi, ziliachwa kwenye bahati.

Haki ya programu nayo isemwe: haichoki, hufanya kazi usiku wa manane, na mtu anayeona haya kuuliza kuhusu ugonjwa au talaka haoni haya mbele yake. Lakini msomaji anayetaka kitabu kama kile alichokesha akikisoma ataletewa kingine cha aina ileile, ilhali mkutubi aliyefuata njia iliyoelezwa na wakutubi Joyce Saricks na Nancy Brown mwaka 1989 atamuuliza kwanza alipenda nini: mwendo wa hadithi, wahusika, au mandhari yake. Jibu laweza kuwafikisha kwenye kitabu cha historia. Kwa vitabu vya kusikiliza tofauti huwa kubwa zaidi. Anayesikiliza huku akiendesha gari hawezi kurudi nyuma kurasa mbili kuangalia mhusika fulani ni nani, hivyo riwaya yenye watu thelathini, inayosomeka vizuri kwenye karatasi, inaweza kumpoteza kabla ya sura ya tatu. Na sauti ya msimulizi itakaa sikioni mwake kwa saa kumi au zaidi.

Kuna pia suala la siri. Kampuni ya filamu ya Netflix ilipotangaza mwaka 2006 shindano la dola milioni moja la kuboresha programu yake ya kupendekeza, ilitoa hadharani alama ambazo wateja wake walizipa filamu, majina yakiwa yameondolewa, na watafiti Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wakaonyesha kwamba baadhi ya wateja hao wangeweza kutambulika. Mkutubi anayeuliza, akapendekeza na kusahau, hana faili la kuvuja.

Lawama ninayoikubali ni ya namna utaratibu huu unavyotumiwa. LibraryReads, iliyoanza Marekani mwaka 2013, hukusanya kura za wafanyakazi wa maktaba na kutoa kila mwezi orodha ya vitabu kumi vinavyokaribia kutoka. Ni kazi ya heshima, ila kura ni kura, na kitabu kinachoshinda aghalabu kina wachapishaji wenye uwezo wa kukifikisha mikononi mwa wapiga kura mapema. Maktaba inayorudia orodha za namna hiyo mezani pake inaviongezea foleni ya wasomaji vitabu ambavyo tayari vina foleni. Ingefaa zaidi ihesabu ni vingapi kati ya vilivyopo mezani vilikuwa havijaazimwa hata mara moja tangu vinunuliwe, na vingapi kati ya hivyo vimetoka mlangoni kabla ya ile miaka miwili kwisha.