Kasimama Mara Ngapi, Kasema Nini?

Mwaka ukiisha, wapiga kura huuliza: mbunge wetu kasimama mara ngapi Dodoma? Jibu si gumu kulipata. Tovuti ya Bunge la Tanzania huorodhesha maswali ya msingi, ya nyongeza na michango ya kila mbunge. Kenya nako, shirika la Mzalendo hupekua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na kutaja kila mwaka waliosema sana na wale ambao hawakufungua kinywa.

Hesabu hiyo siidharau. Mbunge aliyemaliza mwaka bila hata swali la nyongeza ana deni la maelezo jimboni. Anaweza kujitetea kwamba kazi yake ilikuwa kwenye kamati, ambako Hansard haifiki, au kwamba aliomba nafasi kiti cha Spika hakikumwona. Utetezi huo una ukweli ndani yake, ila hauwezi kubeba miezi 12.

Shaka yangu iko kwa wale wa juu ya orodha. Swali la nyongeza ni kuuliza barabara ya jimboni itajengwa lini na Naibu Waziri kujibu kwamba itajengwa fedha zikipatikana, hapo umeshahesabiwa. Katika bajeti, Aprili hadi Juni, kuna anayetumia nusu ya dakika zake kumshukuru Mungu, Rais, Spika, Waziri na familia yake, kengele inamkuta ndiyo kwanza anagusa mbolea, anamalizia "naunga mkono hoja" na kuketi. Mwenzake kachambua kasma, yaani vifungu vya matumizi, kimoja baada ya kingine. Kwenye jedwali wote wana mchango mmoja mmoja.

Mimi ningeanza kwa kutazama nani alishika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani alizuia fungu hilo lisipite hadi apate maelezo, na aliirudisha kwa jibu gani. Nyingi hurudi upesi mno, kwa ahadi ile ile ya mwaka jana. Lakini tuwe waungwana: ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Anayebana sana anajua kamba inaishia wapi.

Tena kuna michango isiyohesabika kirahisi. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa Chadema, alileta hoja ya kuunda kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Hoja ilikataliwa, mwenyewe akasimamishwa hadi Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini. Ukihesabu michango tu, mbunge huyo alikuwa bubu kuanzia Agosti.